Pasta anasema mlima hauhubiri

Barua zenu za mwezi huu karibu zote ni tablo na kanisa, sijui upepo gani umepita hapa Lubumbashi. Ntajibu tatu, na ya kwanza ntaikalia kidogo juu hata mimi imeninyima usingizi.

*Jambo Yaya. Mi niko penta, niko na myaka 26, nakaa Katuba. Napenta paysage tu: pori, vichuguu, terril, mto Lufira, moshi ya kiangazi. Naimbaka mu korali pia. Sasa pasta wetu alikuja ku nyumba, akaangalia tablo zangu zote ku ukuta, akaniuliza "Yesu iko wapi hapa?" Akasema mlima haihubiri, kama Mungu alinipa mkono nipente Yesu ao niandike mistari ya Biblia, bila ile nafanya kazi ya dunia. Ku upande ingine bakliyenti banakuja kuomba mamba muntu, ule mwanamuke wa maji mwenye mukia ya samaki, na ile nilishakataa. Sasa franga haiko, na ku kanisa bananiangalia vibaya. Kuko penta mukristo mwenye alipenta mandhari tu na akafika mbali? – P., Katuba*

Mudogo wangu P., pole, alafu kaa chini kwanza. Swali la pasta wako si jipya hata kidogo. Kuna penta alishaulizwa karibu maneno yaleyale zaidi ya miaka 200 iliyopita, na yule aliyemuuliza hakuja nyumbani kumwambia polepole, aliandika gazetini watu wote wasome.

Penta huyo ni Caspar David Friedrich, Mjerumani, Mlutheri, kazaliwa 1774 Greifswald, mji wa pembeni ya bahari ya Baltiki, baba yake alikuwa anatengeneza sabuni na mishumaa. Hajafika miaka 7 mama yake anakufa. Ana miaka 13 barafu inavunjika, mdogo wake anazama, na inasimuliwa kwamba huyo mdogo alikuwa anajaribu kumuokoa yeye. Mtu wa namna hiyo ukimwomba anga hatakupentia anga la kalenda.

Mwalimu wake wa kuchora alikuwa na rafiki pasta, Kosegarten, mwenye parokia ku kisiwa cha Rügen, na kule msimu wa heringi ukifika wavuvi hawawezi kuacha ufukwe kuja kanisani, samaki hangoji, basi pasta akawa anashuka yeye mwenyewe anahubiri palepale mchangani na bahari iko wazi mbele yao. Mi hii habari naipenda sana, nahisi ukitaka kumuelewa Friedrich anzia hapo, wavuvi wamesimama na nguo zinanuka samaki, hakuna ukuta, hakuna vioo vya rangi, neno linasomwa na mawimbi yanaendelea na kazi yake.

Sasa Krismasi ya 1808 yuko Dresden, anawafungulia watu chumba chake waone tablo mpya. Kaziba dirisha moja mwanga upungue, kaweka tablo juu ya meza yenye kitambaa cheusi kama vile iko madhabahuni. Watu wanaingia wanakuta nini? Kilele cha mwamba, misonobari, na juu kabisa msalaba mwembamba, Yesu kageukia jua linalozama, yani sisi hata uso wake hatuuoni vizuri, na msalaba wenyewe ni mdogo, mlima njo mkubwa. Hakuna Maria, hakuna askari, hakuna wanyang'anyi wawili. Kadre tu ndiyo imechongwa vichwa vya malaika, mitende, nyota, na chini jicho la Mungu na ngano na mzabibu.

Mwaka 1809 unaanza, mkosoaji mmoja wa sanaa, Ramdohr, anatoa makala ndefu analalamika kwamba sasa mandhari imekuwa na kiburi, inataka kujipenyeza kanisani na kupanda madhabahu. Umesikia? Pasta wako na Ramdohr wangekunywa chai pamoja. Friedrich akajibu, na yeye hakuwa mtu wa maneno mengi, akaeleza kwamba msalaba uko juu ya mwamba hautikisiki kama imani yetu kwa Yesu Kristo, na misonobari iko kijani mwaka mzima kama tumaini la watu kwake. Basi. Na kitu cha kuchekesha, wenye ile tablo, bwana mkubwa mmoja na mke wake wa kule Tetschen, mwisho hawakuitundika kanisani, waliiweka chumba cha kulala cha bibi.

Lakini hiyo si tablo ninayoipenda mimi, na hapa nisikilize vizuri. Ninayoipenda ni ile ya mtawa kasimama pembeni ya bahari, aliitoa Berlin mwaka 1810. Mchanga kidogo chini, bahari nyeusi, mtu mmoja mdogo kama kidole, na sehemu yote iliyobaki ni anga tu, anga, anga. Wataalamu walipoipima chini ya rangi walikuta alikuwa amechora meli, akazifuta. Fikiria mwenyewe, meli ni kitu cha kuuza, kliyenti anapenda meli, yeye anaiangalia anaona inampunguzia huyu mtu upweke wake mbele za Mungu, anaitoa. Msalaba hakuweka. Mstari hakuandika. Mfalme wa Prussia akainunua.

Kwahiyo pasta akikuuliza Yesu iko wapi, usijibu haraka na usiende kubandika msalaba ku kichuguu ili umnyamazishe. Mi naona imani ya penta inaonekana kwenye kile alichokubali kufuta na muda aliokaa kuangalia, zaidi ya kwenye kile alichobandika. Na kama pasta anataka maandiko, mpeleke 1 Wafalme 6:29, mwambie asome taratibu: kuta za nyumba aliyomjengea Mungu, Sulemani alizichonga pande zote makerubi, na mitende, na maua yaliyofunguka. Mitende na maua, ndani ya hekalu, na hakuna mahali imeandikwa Sulemani aliulizwa hiyo mitende inahubiri nini. Mwambie kwa heshima lakini, ni baba yako wa kiroho, usimpigie Biblia mezani.

Alafu P., wewe uko na kitu Friedrich hakuwa nacho. Mwaka jana mwezi wa tisa nilipanda pikipiki barabara ya Kipushi kwenda kuona shamba la shemeji, joto, jua limefubaa na moshi kama franga ya zamani, udongo umepasuka, mvua bado kabisa kabisa, ilikuwa ibaki mwezi na kitu. Na miti ya miombo ilikuwa inatoa majani. Nikashuka nikasogea. Majani madogo laini kama sikio la mbuzi mchanga, yananing'inia bado hayajapata nguvu ya kusimama, rangi yake shaba kabisa, shaba iliyotoka kuoshwa, na ukishika linabaki baridi kidogo ku kidole wakati mkono wote unawaka. Miti haijanyeshewa hata tone, maji inayatoa chini kule kwa mizizi inakojua yenyewe. Pembeni kulikuwa na visiki vya watu wa makala, wale wanaochoma mkaa, vimekatwa usawa wa goti, na vyenyewe vilikuwa vinachipua. Nilisimama pale mpaka mwenye pikipiki akapiga honi. Sijawahi kuona mtu kapenta ile kitu sawasawa, kila mtu anapenta kijani ya mwezi wa pili juu kliyenti anataka kijani. Penta ile, mudogo. Usiandike aya chini.

Na uifanye kama Friedrich alivyofanya: alikuwa anatoka na kalamu ya risasi, anachora mti mmoja, huu hapa, tawi kwa tawi, anaandika tarehe, alafu rangi anaenda kuiweka nyumbani, na mchoro wa mti mmoja anaweza kuutumia tena miaka mingi baadaye. Ndo maana misitu yake ukiiangalia kila mti una anwani. Sisi hapa tunachora mti wa kichwani, shina na wingu la kijani juu, mia moja kwa siku.

Swali lako la kufika mbali sasa. Sitakudanganya. Friedrich alifika mbali alafu akarudi nyuma: 1824 nafasi ya kufundisha mandhari pale akademi ya Dresden ilikuwa wazi, hawakumpa, 1835 akapata kiharusi mkono ukawa mzito, akafa 1840 akiwa maskini na watu wameshamsahau, mpaka ekspo kubwa ya Berlin mwaka 1906 ndo wakaanza kusema kumbe. Vincent van Gogh unamjua, huyu mtoto wa pasta, lakini pengine hujui kabla ya rangi alikuwa mhubiri wa wachimba makaa ya mawe kule Borinage, Ubelgiji, mwisho wa 1878, akagawa nguo zake, akalala chini kibandani kama wao, na wakubwa wa kazi ya injili 1879 wakakataa kumwongezea muda. Mwaka uliofuata, ana miaka 27, akashika kazi ya kuchora. Na milima ya takataka za mgodi kule Borinage inaitwaje? Terril. Jina lile lile la mlima wetu mweusi wanaoupunguza kila siku kutafuta kobalti. Ukipenta terril yetu usidhani unapenta kitu kidogo.

Kuna na upande mwingine, wa aliyepata hela. Thomas Kinkade, Mmarekani wa California, kazaliwa 1958, unazijua tablo zake hata kama jina hulijui, kijumba kidogo, theluji, kila dirisha njano kama vile ndani kunaungua. Mama yangu anazipenda. Karibu na saini alikuwa anaweka samaki na Yohana 3:16. Kopi ziliuzwa mpaka basi. Lakini 2006 wasuluhishi wakaamuru kampuni yake ilipe dola 860,000 kwa wenye galeri waliolalamika kwamba walivutwa na maneno ya imani na ukweli wa biashara wakafichwa, na yeye mwenyewe akafa 2012 akiwa na miaka 54, pombe imemshinda. Simcheki, moyo wa mtu hatuujui, na kuna wagonjwa wengi walitulizwa na vijumba vile. Nasema tu Yohana 3:16 pembeni ya saini haikumzuia mtu yeyote kuandika mkataba mbaya.

Na theluji tuiache huko. Mwaka 1946 hapa hapa, Elisabethville ya wakati ule, penta Mfaransa Romain-Desfossés alifungua atelie yake, Le Hangar, na moja ya sheria ilikuwa vijana wasikopie Ulaya. Wakatoka Bela, aliyekuwa anapenta na vidole, na Mwenze Kibwanga, na Pilipili Mulongoy na ndege zake na samaki zake, majani yamejaa mpaka hakuna pa kupumua. Hiyo ni urithi wako kabla ya Mjerumani yeyote.

Mamba muntu: umekataa, sawa, dhamiri ni yako. Ila usiwadharau wazee walioipenta. Salon ya mjomba wangu Kamalondo ilikuwa nayo moja, nywele ndefu, saa mkononi, nyoka shingoni, tuliiogopa tukiwa wadogo tunapita tumeinamisha kichwa. Alipookoka aliichoma uwani. Aliyeipenta alisomesha watoto kwa zile kazi, na gunia la unga alilopentea lilikuwa limetandikwa vizuri kuliko turubai nyingi ninazoletewa leo.

*Shikamoo Papa mwenye barua. Binti yangu iko na miaka 20, anasoma mambo ya kuchora hapa Lubumbashi, mwalimu wake anasema iko na mkono ya ajabu. Tangu mwezi wa nne anasema anataka kuacha masomo aende kutumika na dada ba mission, ati sanaa inamuibia Mungu. Baba yake amekasirika hata kula naye hapana. Mi nimukataze ao nimuache? – Mama wa Kampemba*

Marahaba mama. Kwanza mwambie baba arudi mezani, hii haitatatuliwa na njaa.

Kuna msichana mmoja wa London, Lilias Trotter, kazaliwa 1853, wa familia yenye pesa. Mwaka 1876 wako Venice na mama yake, mama anasikia John Ruskin yuko hoteli ile ile, na Ruskin wakati ule akisema tablo ni nzuri Uingereza yote inasema ni nzuri, basi mama akamtumia karatasi amwangalizie michoro ya binti. Ruskin alikuwa haamini sana kwamba wanawake wanaweza kuchora. Akaangalia, akabadilika, akamfanya mwanafunzi. Baadaye akamwambia wazi ukijitoa mzima kwa sanaa utakuwa mkubwa. Msichana akakaa siku na siku anaomba, mwaka 1879 akajibu hapana, hawezi kujitoa kwa sanaa namna hiyo na bado kutafuta kwanza ufalme wa Mungu. Ruskin alisikitika lakini urafiki haukuisha.

Sasa watu wa makanisa wakisimulia hii habari wanaishia hapo, wanapiga makofi. Mi nataka mama uone yaliyofuata. Hakukimbia kesho yake, alibaki London akihudumia wasichana wa kazi, na Algeria alikwenda 1888, miaka 9 baadaye, na shirika la misheni lilimkataa kwa sababu ya afya, akaenda kwa gharama zake na marafiki wawili, hakuna hata mmoja aliyejua Kiarabu. Alikaa huko mpaka alipokufa 1928. Na mkono haukuacha: daftari zake za kila siku zimejaa rangi za maji, jangwa, milango ya Algiers, ua moja kavu, machweo madogo ukubwa wa kiganja. Alikataa jina la usanii, kuona hakuacha.

Kuna wanaosema ule ulikuwa hasara, Uingereza ilipoteza penta mkubwa. Mi sijui kupima hivyo, ila naona si sawa kumwambia binti yako kwamba kuchora kunamuibia Mungu, Lilias mwenyewe hakusema hivyo, alisema *yeye* hawezi vyote viwili kwa kiasi kile. Mwambie amalize mwaka wa masomo, miezi ile minne mitano haitamkimbia Mungu. Jumamosi aende kwa hao masista akafue na kupika, si kuimba tu. Akirudi bado anataka, mbariki. Na mnunulie daftari na kisanduku cha rangi za maji aende navyo, visipungue kwenye begi.

*Yaya, kanisa moja imenipa komande ya kupenta mto Yordani nyuma ya kisima cha ubatizo, mita 6 kwa 3. Niliuliza bei banasema "Mungu atakulipa". Nifanye? – Fundi, komini ya Kenya, Lubumbashi*

Hahaha. Fundi, umenigusa kidonda. Miaka ya nyuma nilipenta Yordani ya kanisa moja, jina naliacha, Yordani sijawahi kuiona basi nikawawekea Lufira na matete yake, nikafanya wiki tatu. Kamati ikaja, ikasema inataka mitende na swala anakunywa maji. Nikaongeza swala. Ikasema wawili. Nikaongeza. Siku ya kufungua waliniita mbele, wakaniimbia, wakanipa nusu gunia la unga wa mahindi, na rangi ilikuwa yangu mwenyewe, nilikopa dukani. Kila Jumapili deni langu lilikuwa linabatizia watu.

Kwahiyo fanya hivi. Rangi wanunue wao, wewe andika orodha na waende dukani wenyewe waone bei, ukuta wa mita 18 za mraba unakula mikono miwili ya rangi ya chini kabla hujagusa mto. Kazi ya mkono wako taja bei yote kwenye karatasi, alafu kama unataka kutoa nusu iwe sadaka andika hapo chini natoa nusu, kabla hujaanza, na uchukue avansi. Mungu atakulipa ni kweli, lakini Luka 10:7 inasema mtenda kazi anastahili mshahara wake, na maneno yale walikuwa wanaambiwa wahubiri wenyewe, kamati inajua.

Angalia pia ukuta kama plasta ni mpya, usiwaogope wakisema ubatizo ni Jumapili ijayo, subiri hata wiki nne ikauke, maji ya kisima yatapanda ndani ya simenti na rangi itatoka magamba kuanzia chini, waombe waweke vigae sentimita 40 za kwanza. Na kabla ya kuchora mto waulize wanataka swala wangapi.